Kipenyo cha Ekzosi Hakipimwi kwa CC Wala kwa Mngurumo

Ukitoa injini ya 1G-FE kwenye Mark II GX110 na kufunga 1JZ, ekzosi ndiyo inayokumbukwa mwisho. Hela zimeishia kwenye injini, giaboksi, nyaya na kompyuta. Siku gari linapowashwa kwa mara ya kwanza ndipo fundi wa kuchomelea anapoulizwa ana bomba gani, na lililopo stoo ndilo linalofungwa. Ushauri nao haukosekani. Kila aliyesimama pale gereji ana kipenyo chake na sababu yake, na sababu nyingi kati ya hizo si za kweli. Anayezilipia ni mwenye gari, tena mara mbili: bomba la kwanza, kisha la kulirekebisha la kwanza. Ndiyo maana nataka kuzijibu.

Dai linalosikika kuliko yote ni kwamba injini isiyo na turbo inahitaji presha ya nyuma, la sivyo inakosa mvuto wa chini. Si kweli. Presha ya nyuma ni moshi uliokosa njia. Pistoni inapopanda kutoa moshi inabidi iusukume kwa nguvu, na nguvu hiyo imechotwa palepale kwenye krenki, kabla haijafika kwenye magurudumu. Moshi unaobaki ndani ya silinda nao unachukua nafasi ambayo ingejazwa na hewa mpya. Hakuna mzunguko wowote, wa chini wala wa juu, ambao injini ya gari la barabarani inapata nguvu kwa sababu moshi umezuiwa.

Hata hivyo watu hawakuliota dai hili. Wameona gari lililofungwa mabomba mapana likipoteza mvuto chini ya mizunguko 3,000, na kweli lilipoteza. Walichokosea ni kutaja sababu. Valvu ya moshi inafunguka wakati silinda bado ina presha kubwa, kwa hiyo moshi hautoki kama maji ya bombani. Unatoka kwa mshindo. Mshindo huo unakimbia ndani ya gesi ya moto kwa zaidi ya mita 500 kwa sekunde. Ukifika pale mabomba ya silinda yanapokutana, unapanuka ghafla, na mwangwi wake unarudi kwenye silinda ukiwa na presha ndogo kuliko ya kawaida. Ukifika wakati valvu ya kuingiza na ya kutoa zote ziko wazi kidogo, unafyonza mabaki ya moshi na kuivuta hewa mpya iingie. Hapo injini inapumua vizuri bila gharama yoyote.

Urefu na kipenyo cha yale mabomba mafupi yanayotoka kwenye silinda hedi ndivyo vinavyoamua mwangwi huo ufike lini na uwe na nguvu kiasi gani. Ukiyafanya mapana mno, moshi unapoa na kupunguza kasi, mwangwi unadhoofika, na mvuto wa chini unaondoka. Kwa hiyo aliyetoa manifoldi ya kiwandani na kufunga yenye mabomba manene alipoteza kasi ya moshi mahali pale pale. Presha ya nyuma haikuhusika. Na bomba linalopita chini ya kiti cha nyuma halina sehemu kubwa katika habari hii. Moshi ukishafika huko, kinachotakiwa ni upite tu.

Kuna chanzo kingine cha dai hili, nacho ni cha zamani. Kwenye magari ya kabureta, jeti zilichaguliwa kulingana na ekzosi ya kiwandani. Ukipanua bomba bila kugusa jeti, hewa inaongezeka, mafuta hayaongezeki kiasi cha kutosha, na gari linakuwa zito. Wazee wa gereji waliliona hilo wakasema bomba limefunguka mno. Injini yenye sensa ya oksijeni inajirekebisha yenyewe katika uendeshaji wa kawaida, lakini usemi umebaki.

Upande wa pili wako wanaosema bomba kubwa zaidi ndiyo nguvu zaidi, basi funga inchi 3 umalize. Hawa hujibiwa kwa hesabu. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa sana na watengeneza ekzosi ni hii: kila nguvu farasi moja ya injini inahitaji njia ya kupitisha futi za ujazo 2.2 za moshi kwa dakika, na kila inchi moja ya mraba ya bomba lililonyooka hupitisha kama futi za ujazo 115. Ukichukua bomba la kawaida la karatasi ya chuma ya milimita 1.6 hivi, ukatoa unene huo pande zote mbili, inchi 2 inatosha nguvu farasi kama 145, inchi 2.25 inatosha 185, inchi 2.5 inatosha 230, na inchi 3 inakwenda mpaka karibu 340. Ni makadirio, lakini yanatoa jibu linaloweza kujadiliwa.

Sasa yaweke kwenye gari letu. 1G-FE yenye VVT-i ina nguvu farasi 160: inchi 2.25 inaitosha na kubaki. 1JZ-GE yenye VVT-i ina 200: inchi 2.25 inaanza kuibana, inchi 2.5 inaitosha. Kuna faida gani basi kwenda inchi 3? Upinzani wa bomba hupungua haraka sana kipenyo kinapoongezeka, karibu kwa kipeo cha tano. Kutoka inchi 2 kwenda 2.5, kwa moshi uleule, upinzani unabaki theluthi moja hivi. Kutoka 2.5 kwenda 3 unabaki asilimia 40. Hatua zote mbili zinaonekana kubwa, na hapo ndipo muuza bomba anapokupata. Lakini ile ya kwanza ilipunguza kitu kikubwa, na ya pili inapunguza kitu ambacho tayari ni kidogo. Kwenye 1JZ-GE ambayo haijaguswa ndani, inchi 3 itakupa uzito, kelele, na bomba linalogonga matuta. Nguvu ya kuisikia mguuni haitakuwepo.

Matuta hayo si jambo dogo kwa gari la kutembelea. Mark II ni gari la chini, na wengi wa wanaobadili injini wameshakata au kubadili springi pia. Bomba la inchi 3 lenye mafla yake linahitaji nafasi ambayo chini ya sakafu, kando ya propela shafti, haipo bila kuchukua ile ya kuelekea ardhini. Ekzosi ikigonga tuta haiumii pale ilipogongwa peke yake. Nguvu inapanda mpaka kwenye manifoldi na kuipasua, au inavunja boliti za flanji. Ndiyo maana kipande cha fleksi karibu na injini ni cha lazima kwenye kazi ya namna hii: injini inatikisika, bomba limefungwa kwenye bodi, na pasipo kitu cha kunyumbulika kati yake kuna kitakachopasuka.

Wengine wanakwenda kwa cc. Injini ya lita mbili na nusu, bomba la inchi mbili na nusu. Lita tatu, inchi tatu. Ni rahisi kukumbuka, lakini kinachopita bombani ni moshi, na wingi wa moshi unafuata nguvu inayozalishwa. 1JZ-GE na 1JZ-GTE zina silinda 6 za kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 71.5, yaani cc 2,492 zote mbili. Moja ina nguvu farasi 200. Nyingine, yenye turbo, iliandikwa 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana kutokukivuka kwenye vitabu vyao mpaka 2004. Cc ni zilezile, moshi tofauti. Na 2JZ-GE ya cc 2,997, isiyo na turbo, iko kwenye 220 hivi, chini kabisa ya 1JZ-GTE yenye cc pungufu. Anayefuata cc ataipa 2JZ-GE bomba pana kuliko inalolihitaji hasa.

Pia si kweli kwamba bomba la injini ya zamani litafaa tu kwa sababu limekaa vizuri chini ya gari. Upinzani unapanda kwa mraba wa moshi unaopita. Bomba lililochaguliwa kwa nguvu farasi 160 likipitisha moshi wa 200, upinzani kwenye kilele unapanda kwa zaidi ya nusu. Likipitisha moshi wa 280, unakuwa mara tatu. Kwa mwenye 1JZ-GE anayezunguka mjini, siwezi kumlazimisha alitupe leo, maana kwenye foleni hafikii kilele hicho. Kwa mwenye turbo sina huruma hiyo: joto linalojikusanya kwenye turbo kwa sababu ya bomba jembamba linaua turbo yenyewe.

Kuhusu turbo, wanaosema bomba pana ndilo zuri wana haki zaidi. Gurudumu la turbo huzungushwa na tofauti ya presha kati ya upande moshi unaoingilia na upande unaotokea. Ukipunguza presha baada ya turbo, tofauti inakua, turbo inaamka mapema. Ile mishindo ya moshi tuliyoieleza imeshavunjwavunjwa na gurudumu, kwa hiyo baada ya hapo hakuna mwangwi wa kuulinda. Kwenye 1JZ-GTE, inchi 3 kuanzia turbo kwenda nyuma ni chaguo la haki, na kipande cha kwanza kinachotoka kwenye turbo ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote.

Lakini kuna jambo ambalo wenye haki hii huwa hawalisemi. Turbo ina kijilango cha kupitisha moshi wa ziada pembeni ili presha ya kujaza isizidi. Kijilango hicho kilipimwa kwa ekzosi ya kiwandani. Moshi ukipata njia pana ghafla, kinaweza kushindwa kupitisha ziada yote, na presha ya kujaza ikaendelea kupanda hata kama hujagusa mpangilio wowote. Kompyuta ya Toyota hukata mafuta inapoona presha imepita kiwango, na dereva anahisi gari limepigwa breki katikati ya kuovateki. 1JZ-GTE za mwanzo, kuanzia 1990 hadi 1996, zilikuwa na turbo mbili ndogo zenye magurudumu ya kauri upande wa moshi, na kauri haistahimili presha iliyopandishwa, hupasuka. Tangu 1996 ikaja turbo moja. Kwa vyovyote, gari la turbo linalobadilishiwa ekzosi linahitaji geji ya presha ya kujaza mbele ya dereva kabla bomba halijafungwa.

Dai linalofuata halisemwi kwa sauti, ila karibu kila mtu analiishi: "Nimefunga inchi 2.5." Amenunua bomba la inchi 2.5, ndiyo. Ekzosi yake ni nyembamba kama mahali pake pembamba kuliko pote, na mahali hapo mara nyingi si bomba lenyewe.

Anza na mikunjo. Mashine ya bei nafuu inakunja bomba kwa kulisukuma kwenye umbo, na upande wa ndani wa kunjo unabonyea na kujikunja kama ngozi ya kiwiko. Mafundi wasio na mashine wana njia mbili. Moja ni kujaza bomba mchanga mkavu, kuziba ncha zote, kulipasha mpaka liwe jekundu na kulikunja taratibu. Mchanga unazuia lisibonyee, na kazi hii ikifanywa na mwenye subira inatoka safi. Nyingine ni kukata vipande vya pembe na kuviunga. Hapo tatizo linahamia ndani: chuma cha kuchomelea kinapenya na kuacha nundu na matone kwenye njia ya moshi, kiungo hiki nundu, kile nundu. Kabla kipande hakijafungwa kwenye gari, chungulia ndani kwa tochi. Nundu zinaonekana, na kwa faili au msasa wa mashine zinaondoka. Likishafungwa hutaziona tena.

Kisha flanji na gasketi zake. Nimeona kazi nzuri ya bomba la inchi 2.5 ambalo ndani yake ni milimita 60, limeungwa kwa gasketi yenye tundu la milimita 50 kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani. Piga hesabu: karibu theluthi moja ya njia imezibwa na kipande cha karatasi ya madini kisicho na thamani yoyote. Kata tundu lilingane na bomba, ni kazi ya dakika chache.

La mwisho hapa ni mafla, lile dumu la kuzima sauti, na ndilo lenye hatia mara nyingi kuliko vyote. Midomo yake inaweza kuwa inchi 2.5 huku ndani moshi unapitishwa kwenye vibomba vyembamba vinavyoupeleka mbele na kuurudisha nyuma. Mafla ya njia iliyonyooka, yenye bomba la matundu lililozungushiwa pamba ya kioo, inapitisha moshi karibu kama bomba tupu. Usinunue mafla usiyoweza kuchungulia ndani yake au kupata maelezo ya jinsi ilivyojengwa.

Wanaosisitiza kipenyo kiwe kimoja mwanzo mpaka mwisho wanajipa gharama bure. Moshi ukiwa na nyuzi 800 karibu na injini na 400 karibu na nyuma, ujazo wake umepungua kwa zaidi ya theluthi. Kushuka kutoka inchi 2.5 hadi 2.25 baada ya kuvuka ekseli ya nyuma hakubani chochote cha maana, na kunakupa nafasi pale ambapo nafasi ni finyu.

Kuna la masega, kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, na hili linanigusa zaidi kwa sababu halimhusu mwenye gari peke yake. Wanasema ukitoa masega gari linapata nguvu na linapunguza ulaji wa mafuta. Masega mazima, yenye kipenyo kinacholingana na bomba, yanazuia kidogo sana kwenye injini ya nguvu farasi 200. Masega yaliyoziba yanazuia kweli, na hapo gari lililotolewa masega litachangamka mno. Lakini linganisho la haki ni kati ya masega mazima na kutokuwepo, na tofauti hiyo ni ndogo. Tena masega hayazibi yenyewe. Plagi au koili mbovu inapeleka mafuta yasiyoungua kwenye ekzosi, yanawakia humo, na kauri inayeyuka. Ukitupa masega ukaacha koili, ugonjwa umebaki. Platini, paladi na rodi zilizopakwa mle ndani ndizo zinazogeuza monoksidi ya kaboni kabla haijatoka. Ni gesi isiyo na harufu, na kwenye ekzosi ya kuungaunga, yenye kiungo kinachovuja chini ya sakafu, inaingia walipokaa watoto. Injini mpya ikihitaji njia pana zaidi, yapo masega yenye matundu makubwa zaidi. Hayo ndiyo ya kununua.

Sauti nzito si kipimo cha nguvu. 1JZ inalipuka mara 3 kwa kila mzunguko wa krenki. Kwenye mizunguko 2,400, mwendo wa safari ndefu, hiyo ni mishindo 120 kwa sekunde. Bomba pana lisilo na resoneta, lile dumu la kutuliza mdundo, likiupokea mdundo huo, sakafu nzima inaitikia, na baada ya saa mbili za barabara ya Morogoro abiria wana kichwa kinachouma. Hakuna nguvu farasi hata moja katika mlio huo.

Mabishano yote haya yanaweza kukatwa kwa geji ya bei ndogo. Chomelea nati ya M18, ile ya sensa ya oksijeni, kwenye bomba kabla ya masega. Ingiza kibomba cha shaba kirefu cha kutosha kupoza moshi, kisha mpira, kisha geji ya psi 0 hadi 15. Mpira ukiungwa moja kwa moja kwenye nati utayeyuka. Injini ikiwa imepata moto na hujakanyaga mafuta, geji ikizidi psi 1.5, kuna kitu kimeziba. Kwenye mizunguko 2,500 gari likiwa limesimama, isizidi psi 3. Kipimo chenyewe cha kipenyo kinafanywa gari likiwa na mzigo, mafuta yamekanyagwa mpaka chini, karibu na kilele cha mizunguko, kwenye mashine ya kupimia nguvu au mahali pasipo na watu, dereva akiendesha na mwingine akisoma geji. Kwa gari la barabarani lisilo na turbo, psi 2 au 3 kwenye kilele hainishawishi kutafuta bomba pana zaidi. Psi 6 inanishawishi kutafuta kinachobana.

Hamisha geji uipime presha baada ya masega, halafu mbele ya mafla na nyuma yake. Panapoanguka ghafla ndipo pembamba. Kama ni kati ya mbele na nyuma ya mafla, badilisha mafla na bomba liache lilivyo.